Mbegu katika fundo la kitenge
Mazungumzo juu ya lengalenga na mboga zetu za asili

(Maneno haya tuliyasema mbele ya familia zilizohama, wenyeji waliozipokea na mashefu wa vijiji, upande wa Fizi, kando ya ziwa Tanganyika. Tunayachapa hapa kwa sababu wengi waliomba kuyapata kwa maandishi, wayasome katika vikundi vyao.)



Leo tumekuja kuzungumza juu ya lengalenga. Tunajua wengine watacheka. Watasema: "Watu wamepoteza nyumba, mbuzi na mashamba, nanyi mnatuletea habari ya mboga?" Tunaomba mtuvumilie kidogo. Katika vijiji tunavyotembelea, magomvi mengi yanayofika mbele ya kamati za amani hayaanzi na bunduki. Yanaanza na mbuzi aliyeingia katika tuta la jirani, na mfereji wa maji uliofungwa, na kipande cha shamba kilichoombwa bila mashahidi. Na katika matuta hayo hayo tumeona watu ambao walikuwa hawasalimiani wakipeana mbegu. Kwa hiyo habari ya mboga ni habari ya amani pia.

MBOGA ILIYODHARAULIWA

Wazee wetu waliijua mboga hii kabla ya shule na kabla ya barabara. Sisi huku tunaiita lengalenga. Ndugu zetu waliokuwa wakimbizi Nyarugusu, kule Kigoma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka wa 1996, walirudi kwa mashua kuanzia mwaka wa 2005 wakiiita mchicha. Mboga ni ile ile. Pamoja nayo kuna mnavu, mgagani ambao majirani zetu wa Rwanda na Burundi wanauita isogi, majani ya kunde, matembele na sombe.

Lakini kwa muda mrefu mboga hizi hazikuhesabiwa kuwa kilimo. Wakati wa Wabelgiji, tangu mwaka wa 1917, sheria iliwalazimisha wakulima wa Kongo kulima mazao kama pamba, na aliyekataa aliadhibiwa. Mwaka wa 1933 serikali ya kikoloni ilianzisha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo, ambalo leo ni INERA. Huko Yangambi wataalamu walifanya kazi kubwa juu ya michikichi na kahawa, na sifa zake zilienea duniani. Lengalenga iliachiwa wamama, nyuma ya jikoni. Hata sisi tuliosoma kilimo tulifundishwa kuing'oa kama majani mabaya.

Mambo yamebadilika. Kenya, profesa mmoja mwanamke, Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ametumia miaka mingi ya kazi yake kuchunguza mboga za asili, wakati wengi waliziita magugu. Alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa nyama, samaki, maziwa na mayai, hivyo alikua kwa mboga za nyumbani kwao. Tanzania, karibu na Arusha, kuna kituo cha Afrika cha Kituo cha Mboga cha Dunia, kilichofunguliwa mwaka wa 1992. Huko walikusanya mbegu za lengalenga, mnavu na mboga nyingine kutoka vijiji vingi, wakazipanda bega kwa bega, wakawaita wakulima waje wazitazame na kuzionja, kisha wakachagua. Kutokana na kazi hiyo Tanzania ilipata aina za lengalenga zinazoitwa Madiira 1 na Madiira 2, na aina za mnavu zinazoitwa Nduruma na Olevolosi.

Tunawaeleza hayo kwa sababu moja. Wataalamu wale walianza na mbegu za wamama wa vijijini. Mama wa mbegu zote nzuri ni mbegu ya kijijini iliyochaguliwa kwa uangalifu, na kazi ya kuchagua tunaweza kuianza wenyewe, hata katika tuta moja.

KOSA LETU

Ni lazima tuseme kosa letu kwanza. Kuna mwaka tuligawa mbegu za kabichi na za nyanya katika pakiti nzuri za rangi. Msimu wa kwanza watu walifurahi. Msimu wa pili walikuja wakauliza: "Mbegu nyingine ziko wapi?" Hatukuwa na jibu. Kabichi huhitaji baridi ili itoe maua, na katika joto la kando ya ziwa haitoi mbegu. Nyanya zilikuwa za mbegu chotara: ukipanda mbegu za tunda lake, watoto hawafanani na mama yao. Tulikuwa tumewapa watu samaki waliokatwa mikia, hawana namna ya kurudi ziwani kuzaa.

Mama mmoja mzee alituambia neno ambalo hatukulisahau: "Vita vilininyang'anya mbegu mara ya kwanza. Ninyi mmeninyang'anya mara ya pili, kwa maana mliponipa zenu niliacha kutafuta zangu." Tangu siku ile tuliamua kwamba mbegu yoyote tutakayoileta iwe ile ambayo familia inaweza kuizalisha yenyewe.

KWA NINI LENGALENGA INAMFAA ALIYE UGENINI

Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni haraka yake. Ukiipanda leo, baada ya siku tatu hadi tano inachungulia. Baada ya wiki tatu au nne unaweza kung'oa ya kwanza ukapika. Muhogo unahitaji karibu mwaka mzima au zaidi. Mtu aliyehama hajui kama mwaka ujao atakuwa hapa, lakini mwezi mmoja anaweza kuuhesabu.

Ya pili ni wepesi wa mbegu yake. Kijiko kimoja cha chai kina mbegu zaidi ya elfu tano. Mkungu wa ndizi haubebeki usiku wa kukimbia, gunia la muhogo halibebeki, na tuta halibebeki. Kijiko cha mbegu kinafungwa katika fundo la kitenge, na mama anabaki na mikono miwili ya kushika watoto. Mwezi wa Januari 2025 vita vilipofika Goma, na mwezi wa Februari Bukavu, familia nyingi zilizokuwa kambini ziliondoka tena kwa haraka. Aliyekuwa na fundo lake aliweza kuanza upya mahali alipofika.

Ya tatu inahusu shamba, na hapa tunawaomba mashefu wasikilize vizuri. Katika desturi zetu, mtu akipanda michikichi, migomba au miti katika shamba la mwingine, ni kama anasema: "Hapa ni kwangu." Mwenye shamba akiona mche wa mgomba, moyo wake unashtuka. Hata muhogo unamtia wasiwasi kwa sababu unakaa sana. Lengalenga haisemi neno hilo. Inakuja, inaliwa, inaondoka. Ndiyo maana mwenyeji aliyekataa kumpa mgeni shamba la muhogo mara nyingi hukubali kumpa kipande cha mboga.

NAMNA YA KUIPANDA

Wengi wenu mnajua kuliko sisi, kwa hiyo tutasema kwa kifupi.

Tengenezeni tuta lenye upana wa metre moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Changanyeni udongo na mbolea ya mbuzi au ya kuku iliyooza vizuri. Mbolea mbichi inaunguza mizizi. Kwa tuta la urefu wa metre kumi kijiko kimoja cha chai cha mbegu kinatosha. Mbegu ni ndogo mno, hivyo ichanganyeni na mikono miwili ya mchanga mkavu, mkimwaga katika mistari. Funikeni kwa udongo mwembamba sana, kisha majani makavu juu, na muyaondoe mara miche inapotokea. Mkipanda nyingi mno miche inasongamana na kuoza shingo.

Kuna namna mbili za kuvuna. Mnaweza kung'oa yote baada ya wiki tatu au nne, au mkapunguza, mkaacha nafasi ya kiganja kimoja kati ya mche na mche, na kukata vichwa kuanzia wiki ya tano au ya sita. Mche uliokatwa juu ya macho yake unachipuka tena, na mnaweza kukata kila baada ya wiki mbili hivi.

Wadudu wakila majani, angalieni chini ya jani asubuhi na muwatoe kwa mkono, au mnyunyize majivu. Tunawaonya juu ya dawa zinazouzwa sokoni katika chupa ndogo zisizo na maandishi. Mboga hii inaliwa majani yenyewe, na siku chache tu baada ya kunyunyizwa. Sumu mliyotilia wadudu inaingia katika sahani ya mtoto.

KUCHAGUA MBEGU: HAPA NDIPO TUNAPOKOSEA

Wamama wengi wanatuambia: "Lengalenga ya sasa si kama ya zamani. Inatoa maua upesi, majani yake ni madogo." Wanadhani udongo umechoka. Pengine ndiyo. Lakini tazameni namna tunavyopata mbegu.

Mche wenye majani mapana tunaukata kwanza, tunaupeleka sokoni. Ule mwingine mzuri tunaupika. Mwisho wa msimu inabaki miche dhaifu pembeni mwa tuta, ile iliyotoa maua mapema hata haikuwa na la kukatwa. Hiyo ndiyo tunayoikung'uta mbegu. Kila mwaka tunakula walio bora na kuwaachia walio dhaifu kazi ya kuzaa. Baada ya miaka mitano tunalalamika kwamba watoto ni wadogo.

Mfugaji hafanyi hivyo. Hachinji dume lake bora akabaki na lile kilema. Basi fanyeni kama mfugaji:

1. Tengeni tuta dogo la mbegu, mbali kiasi na matuta ya kuuza. Tuta hili msilikate majani hata kidogo. Ni vigumu wakati wa njaa, kwa hiyo liwe dogo, na watu wote wa nyumbani wajue kwamba ni la mbegu.

2. Miche ikifika magotini, pitieni. Ng'oeni ile yenye miiba, ile yenye ugonjwa, na ile inayotoa maua kabla ya wenzake. Fanyeni hivyo kabla maua hayajafunguka. Maua mengi ya lengalenga yanajizalisha yenyewe, lakini upepo pia unabeba unga wa maua, na jirani mbaya anaweza kuharibu.

3. Fungeni kitambaa kwenye miche iliyo bora: majani mapana, shina laini, isiyokimbilia maua. Ikiwezekana iwe thelathini au zaidi, msichague mmoja tu. Mbegu ya mama mmoja ina nguvu chache ugonjwa ukija.

4. Baada ya miezi mitatu hivi tangu kupanda, piga kichwa cha mche kwenye kiganja. Mbegu zikianguka zenyewe, kata. Anikeni vichwa juu ya kitambaa kivulini, vipigeni, vipepeteni kwa ungo.

5. Zikikauka kabisa, ziwekeni katika chupa kavu iliyofungwa vizuri, mahali pasipo joto. Juu yake bandikeni karatasi: jina la mboga, msimu, na nyumba ilikotoka.

6. Kabla ya kupanda msimu ujao, hesabuni mbegu mia moja juu ya kitambaa chenye maji. Baada ya siku tano hesabuni zilizoota. Zikiwa themanini, ni nzuri. Zikiwa arobaini, pandeni mara mbili zaidi. Zikiwa kumi, tafuteni nyingine wakati bado upo.

Fanyeni hivi misimu mitatu au minne mfululizo, mtaona tofauti kwa macho yenu.

Mboga nyingine zina tabia zao. Mgagani ukivuna mbegu leo na kuzipanda kesho, nyingi hazioti. Zinataka kulala miezi mitatu hadi sita. Wengi walizitupa wakidhani zimekufa, kumbe zilikuwa usingizini. Mnavu mbegu zake zimo ndani ya tunda: ngojeni liive kabisa, mlikamue katika maji, mbegu zinazozama mzianike kivulini. Matunda mabichi ya kijani ya mnavu yana sumu, watoto wasiyachezee. Kunde ni rahisi kuliko zote, kwa maana haichanganyiki ovyo na jirani, na mizizi yake inarudishia udongo nguvu. Lakini ina adui, yaani fukusi. Ichanganyeni na majivu makavu kabla ya kuiweka. Matembele hayana haja ya mbegu, mnakata mzabibu wake. Chagueni mzabibu usio na majani yaliyokunjamana au yenye mabaka, kwa sababu ugonjwa unasafiri ndani yake.

KATIKA SUFURIA

Majani haya yana vitu vinavyolinda macho na damu, hasa kwa mama mwenye mimba na mtoto mdogo. Pikeni lengalenga kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, wala msimwage maji yake. Tieni mawese kidogo, kwa kuwa mafuta yanausaidia mwili kupokea chakula kilicho ndani ya jani. Limau kidogo juu yake linasaidia damu. Sombe ni tofauti: majani ya muhogo mabichi yana sumu, lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa vya kutosha.

Lakini tusidanganyane. Mboga peke yake haizuii bwaki. Mtoto anahitaji pia maharagwe, ndagala au karanga katika sahani hiyo. Na mtoto aliyevimba miguu na kubadilika rangi ya nywele asicheleweshwe nyumbani kwa mboga wala kwa dawa za miti. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile.

WOGA WA WATU WAWILI

Sasa tuwaeleze jambo tuliloliona wenyewe. Hatutaji kijiji wala majina.

Mama mmoja aliyehama na watoto wake aliomba kipande kando ya kijito. Palikuwa na matete tu. Mwenye shamba alimwambia: "Lima, hakuna shida." Hawakuandika kitu, hawakuita shahidi. Mama yule aling'oa matete wiki tatu. Alikusanya mbolea ya mbuzi za mwenyeji na kuibeba kichwani. Lengalenga ikaota vizuri hata wapita njia wakasimama kutazama. Alipouza mafungu ya kwanza, mwenye shamba alikuja akasema: "Sasa ninalitaka shamba langu."

Mama alikasirika. Watu wake walikasirika. Vijana wa pande zote mbili wakaanza kutukanana kwa kabila. Usiku mmoja matuta yakakatwa kwa panga, na hakuna aliyekubali kwamba ni yeye. Ilibaki kidogo tu damu imwagike kwa ajili ya mboga.

Wazee wa kamati walipowakalisha, hawakuanza kwa kuuliza nani ana haki. Walimuuliza mwenye shamba: "Unaogopa nini?" Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Ninaogopa kwamba akikaa miaka mingi, watoto wake watasema hili ni shamba la mama yao." Wakamuuliza mama: "Na wewe, unaogopa nini?" Akasema: "Ninaogopa kulima maisha yangu yote kwa ajili ya wengine."

Wandugu, woga wote mawili ni wa kweli. Katika inchi yetu mashamba yamepotea kwa njia hiyo, na jasho la wageni limeliwa kwa njia hiyo. Mtu akiusema woga wake mbele ya wengine, unaweza kutafutiwa dawa. Ukibaki moyoni, unatafuta panga.

Walipatana hivi: mama atalima misimu minne, mbele ya shefu na mashahidi wanne, wawili wa kila upande. Hatapanda kitu kinachokaa zaidi ya msimu. Tuta moja kati ya matano litakuwa la mke wa mwenye shamba, na mama atampa mbegu na kumwonyesha namna ya kuichagua. Msimu ule wa kwanza mama aliupoteza, hakuna aliyemrudishia. Hatutaki kusema kwamba kila kitu kilipona. Lakini wale wanawake wawili walifanya kazi pamoja katika tuta lile la mbegu, na mke wa mwenye shamba akaweka chupa yake jikoni.

Baada ya miaka miwili mama yule alirudi kwao na fundo lake la kitenge. Halafu vita vikageuka. Kijiji kilichowapokea wageni kikakimbia chenyewe, nyumba zikachomwa, chupa ya jikoni ikapotea pamoja na vyote. Waliporudi, mke wa mwenye shamba alituma mtu kwa yule mama kuomba mbegu. Ilirudi mikono miwili, imefungwa katika kitambaa.

MAPATANO TUNAYOYAOMBA

Kwa hiyo tunawaomba mashefu na kamati, kabla jembe halijaingia udongoni, mapatano ya shamba la mboga yaseme mambo sita, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la mtoto wa shule:

Mipaka iko wapi, na nani aliitembea kwa miguu pamoja na mashahidi. Muda ni misimu mingapi, si "mpaka tutakapoona". Malipo ni nini, franka au sehemu ya mavuno, na yanatolewa lini. Nini kitapandwa na nini hakitapandwa. Mifugo ikiingia, nani analipa na nani anakadiria hasara. Na mwenye shamba akilitaka kabla ya muda, mgeni avune kwanza na alipwe kwa kazi na mbolea aliyotia.

Juu ya mifugo tunaongeza neno moja. Wakati wa kiangazi ng'ombe wanashuka kutoka milima ya juu kutafuta majani na maji huku chini, na ndio wakati matuta yote yako kando ya vijito. Kila mwaka tunajua kwamba watakuja, na kila mwaka tunashangaa. Mashefu wa wakulima na wakubwa wa wafugaji wakutane kabla ya mwezi wa sita, watembee pamoja, waonyeshe njia ya ng'ombe na mahali pa kunyweshea. Mkutano wa siku moja kabla ya kiangazi ni rahisi kuliko mazishi ya katikati ya kiangazi.

Na kwa wababa tunasema: fedha ya mboga ni ndogo, nayo ndiyo inayonunua chumvi, sabuni na daftari. Mama aliyeilima aachiwe kuishika. Tumeona matuta yaliyokufa kwa sababu mume alichukua fedha ya fungu la kwanza.

MBEGU KATIKA NYUMBA MBILI

Tumalizie hapa. Kila kikundi kitakachozalisha mbegu, kisiiweke katika nyumba moja. Nusu ikae katika nyumba ya mwenyeji, nusu katika nyumba ya aliyehama. Moto ukiingia upande mmoja, upande wa pili utakuwa na cha kurudisha. Na watu wawili wanaotunziana mbegu wana sababu ya kuulizana habari kila msimu.

Hatujui kesho nani atakuwa mwenyeji na nani atakuwa mgeni. Tangu mwaka wa 1996 wengi wetu tumekuwa vyote viwili, wengine zaidi ya mara moja. Anayempa mgeni tuta leo anajiwekea akiba, na anayemwachia mwenyeji mbegu anapoondoka anaacha mlango wazi nyuma yake.

Wamama mliokuja na mbegu zenu leo, meza ile pale ni yenu. Fungueni mafundo, mwambiane majina, kila mtu aondoke na kijiko kimoja asichokuja nacho.

 Amani iwe katika nyumba zenu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika kijiji chetu, ni mboga gani ya asili ambayo wazee waliijua na sisi hatuna tena mbegu yake? Nani anaweza kuwa nayo?

2. Mwenye shamba anaogopa nini? Anayeomba shamba anaogopa nini? Kila upande useme woga wa upande mwingine kabla ya kusema wake.

3. Mapatano ya mashamba yaliyopo sasa kati yetu, ni mangapi yana mashahidi? Tutaanza na lipi?

4. Mbegu yetu ya msimu ujao itakaa katika nyumba zipi mbili?